Ploughman's kwa watu 12: mwongozo kamili wa mlo baridi wa mchana wa Kiingereza

Mkate wenye ganda gumu, kipande kinene cha jibini, siagi, vitunguu vya siki, kijiko cha achari tamu ya rangi ya kahawia, tufaha. Hicho ndicho kiini cha ploughman's lunch, mlo ambao ukiingia baa ya kijijini Uingereza wakati wa kiangazi utaukuta mara nyingi kwenye orodha ya vyakula. Wenyewe huuita ploughman's tu. Unaliwa baridi mwanzo hadi mwisho, unashibisha kwelikweli, na kwa mtu anayealika kundi una raha moja kubwa: wageni wanapogonga mlango, hakuna sufuria jikoni inayokuita.

Usidhani lakini kwamba ni mlo wa kufanywa kwa dakika ishirini. Kazi yake ipo, ila imerudishwa nyuma. Vitunguu vinataka mwezi na zaidi ndani ya siki, achari inataka wiki mbili tatu, nyama inapikwa jana yake, na jibini yenyewe inatakiwa itoke kwenye friji mapema. Anayeanza asubuhi ya siku yenyewe hupata sahani ya vitu vilivyonunuliwa vikakatwa. Italiwa, ila haitakumbukwa.

Jambo jingine niliseme mapema, kwa sababu linaongoza kila ununuzi hapa chini: jibini ndiyo mlo. Mkate na achari ni wasaidizi wake wa karibu, na vilivyobaki vyote vinakuja kusindikiza. Siku hizi baa nyingi hujaza ubao mpaka huoni mbao: soseji, kolislo, chipsi, zabibu, matone ya mchuzi huku na huku. Mimi naona huko ni kupotea njia. Kama fedha ni kidogo, punguza aina za vitu, usipunguze ubora wa jibini.

Mlo huu umetoka wapi

Vibarua wa mashamba ya Uingereza walikula mkate na jibini na kuviteremsha kwa bia kwa karne nyingi, na sababu iko wazi: vinabebeka, havimwagiki, havihitaji moto. Jina la ploughman's lunch ndilo lililoenea baadaye sana, miaka ya 1950 na 1960, na waliolieneza walikuwa watu wa biashara ya jibini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia jibini iliingizwa kwenye mgao. Mgao ulipoanza mwaka 1941 mtu mmoja alipata aunsi 1 kwa wiki, yaani kama gramu 28. Maziwa yalielekezwa kwenye aina moja ngumu inayofanana na cheddar, na watengenezaji wengi wadogo wa mashambani wakafunga kazi. Mgao ulipoondolewa mwaka 1954, ilibidi watu warudishwe kwenye mazoea ya kula jibini. Cheese Bureau, chombo cha kuinadi jibini, na baada yake Milk Marketing Board, bodi ya kuuza maziwa, wakaipigia debe sahani ya mkate, jibini na achari kwenye mabaa, ambayo mengi hayakuwa na jiko la maana na hivyo yakaipokea kwa mikono miwili.

Wapo wanaosema kwa hiyo mila hii ni ya kubuni. Sikubaliani nao. Chakula ni cha kale, jina ndilo jipya.

Vipimo vya watu 12

Hivi ni vipimo vya watu wazima wenye njaa, wasiokuwa na mlo mwingine mpaka jioni:

- Jibini: kilo 1.4 (cheddar gramu 700, stilton gramu 350, aina ya tatu gramu 350)
- Mkate: kilo 2.4, yaani mikate mitatu ya gramu 800
- Siagi: gramu 300
- Nyama baridi: kilo 1 ikiwa imeshapikwa
- Mayai: 12
- Vitunguu vya siki: 36 hadi 40
- Achari: chupa mbili za gramu 350
- Matufaha: 8
- Nyanya: kilo 1, letusi 2, selari 1 kubwa, figili mashada 2
- Haradali ya Kiingereza: kikopo kimoja kidogo kinatosha na kubaki

Kundi likiwa la watoto wengi, punguza stilton na ongeza cheddar na mayai.

Wiki sita kabla: vitunguu vya siki

Tafuta kilo 1 ya vitunguu vidogo vya kipenyo cha sentimita 3 hadi 4. Kuvimenya vikavu ni mateso, kwa hiyo vimwagie maji yanayochemka, hesabu dakika moja, vitie kwenye maji baridi, kisha menya. Ganda litateleza lenyewe. Upande wa mizizi kwangua tu ile sehemu yenye nyuzi. Ukikata kitako chote, matabaka yataachana na kuelea moja moja ndani ya chupa.

Koroga gramu 100 za chumvi katika lita 1 ya maji, tumbukiza vitunguu, vikandamize kwa sahani visielee, na uviache saa 24. Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayofanya kitunguu kilie mdomoni. Chumvi inavuta maji kutoka ndani. Bila hivyo maji hayo yatatoka baadaye, yataipunguza nguvu siki na kukiacha kitunguu kimelegea. Siku ya pili vioshe, kisha vikaushe kwa taulo safi hadi visiwe na tone.

Siki inayotumika Uingereza ni ya kimea cha shayiri, ya rangi ya kahawia, yenye harufu nzito kuliko siki nyeupe. Angalia lebo: asidi isiwe chini ya asilimia 5. Chukua lita 1, sukari ya kahawia gramu 120, kijiko kimoja cha chai cha pilipili manga nzima, kimoja cha mbegu za giligilani, kimoja cha mbegu za haradali, karafuu nne na pilipili kavu mbili. Chemsha mpaka sukari iyeyuke, funika, acha ipoe kabisa. Siki ya moto huivisha vitunguu, na hapa hatutaki viive.

Chupa za mdomo mpana zioshe kwa sabuni, zisuuze, ziweke kwenye oveni ya nyuzi 140 kwa dakika 15, kisha ziache zipoe huku zimefunikwa kwa kitambaa safi. Vifuniko vya chuma viwe na utando wa plastiki kwa ndani, maana siki hula chuma kitupu. Panga vitunguu, mimina siki pamoja na viungo vyake mpaka ivifunike vyote, funga, weka kabatini penye giza. Wiki nne ni uchache wake. Kwenye wiki ya sita ule ukali wa kitunguu kibichi unakuwa umeondoka na utamu umejitokeza.

Wiki tatu kabla: achari ya kahawia

Achari ya dukani inayojulikana zaidi kwa mlo huu ni Branston, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1922 na kampuni ya Crosse & Blackwell katika kijiji cha Branston, karibu na mji wa Burton upon Trent. Ukiinunua hujakosea kitu. Ila ya nyumbani ina faida kwamba unaamua mwenyewe utamu wake, na kwa msomaji aliyezoea achari za pwani haitakuwa kazi ngeni, kwani hata tende zimo.

Kata vitu vifuatavyo vipande vya nusu sentimita, na usivisage kwa mashine: karoti gramu 250, tanipu ya manjano gramu 250, koliflawa gramu 250, vitunguu maji viwili vya wastani, matufaha mawili yenye uchachu, tende zisizo na kokwa gramu 150, matango madogo ya siki gramu 150 na punje nne za kitunguu saumu. Weka kwenye sufuria yenye tako zito pamoja na siki ya kimea mililita 500, sukari ya kahawia iliyokoza gramu 250, chumvi vijiko viwili vya chai, mbegu za haradali vijiko viwili, nusu kijiko cha karafuu ya unga na chembe ya pilipili ya unga. Matango yale ya siki yabakize pembeni. Yatie dakika 20 za mwisho.

Ikishachemka, punguza moto, acha itokote polepole saa moja na nusu hadi mbili, ukikoroga mara kwa mara kadiri inavyozidi kuwa nzito. Tende na matufaha yatayeyuka kuwa mchuzi mweusi unaong'aa, wakati karoti na tanipu zitalainika lakini bado zikitafunika. Kujua kama iko tayari, buruta mwiko chini ya sufuria: njia ikibaki wazi sekunde moja kabla mchuzi haujarudi, epua. Jaza ikiwa ya moto kwenye chupa za moto, funga hapo hapo. Zitapatikana chupa nne hivi, mbili za siku hiyo na mbili za akiba. Leo ukiionja siki itakukaba, ipe muda.

Je, achari ya embe iingie mezani? Iingie, katika bakuli lake. Cheddar kali na embe tamu hupatana vizuri, na Waingereza wenyewe hula cheddar na chatne ya embe tangu zamani. Isichukue tu nafasi ya ile ya kahawia.

Wiki ya mwaliko: kuchagua jibini

Hapa ndipo pa kutulia. Ukiwa Uingereza, nenda kwenye duka la jibini au kaunta ya supermaketi inayokata mbele yako, na omba kuonja, hakuna anayekushangaa.

Cheddar lazima iwepo. Asili yake ni Somerset, kwenye kijiji chenye jina hilo hilo, na kinachoitofautisha ni hatua moja ya kazi: maziwa yaliyoganda hukatwa mabamba, mabamba yakapangwa moja juu ya jingine na kugeuzwa tena na tena ili maji yatoke kwa uzito wake. Ndiyo maana cheddar nzuri inashikamana lakini ukiivunja inakatika kwa kingo zisizo sawa. Chagua iliyokomaa mwaka mmoja au zaidi. Kwenye cheddar ya umri huo mara nyingi utahisi vichembe vidogo vinavyokatika chini ya meno. Si mchanga wala kasoro, ni chumvi za kalisi zinazojitengeneza jibini inapokaa. Lebo ya West Country Farmhouse Cheddar inalindwa kisheria: lazima itengenezwe Somerset, Dorset, Devon au Cornwall, na ikae angalau miezi tisa. Ukipata iliyofungwa kwa kitambaa badala ya plastiki, nunua hiyo hata kama bei inauma kidogo. Upande wa karibu na ganda una harufu ya udongo wa ghalani, na wengine humenya wakaitupa sehemu bora.

Stilton ni ile yenye mishipa ya buluu. Kwa sheria inatengenezwa katika majimbo matatu tu, Derbyshire, Leicestershire na Nottinghamshire. Kijiji cha Stilton chenyewe kiko Cambridgeshire, kwa hiyo hakiruhusiwi kutengeneza jibini yenye jina lake. Nunua yenye rangi ya krimu katikati ya mishipa. Ikianza kugeuka ya kahawia na kunuka amonia, iache dukani. Wageni ambao hawajawahi kuila huogopa ile buluu, na njia nzuri ya kuwatambulisha ni kipande kidogo juu ya tufaha.

Ya tatu mimi huchagua nyeupe inayomumunyuka, yenye uchachu mwepesi, ili ipumzishe ulimi kati ya zile mbili nzito: Wensleydale ya Yorkshire, Cheshire, Lancashire, au Caerphilly ya Wales ambayo wachimbaji wa makaa ya mawe waliipenda. Wengi huweka Red Leicester kwa ajili ya rangi yake ya machungwa. Rangi hiyo inatoka kwenye mbegu za mrangi, na kwa ladha haiko mbali na cheddar, kwa hiyo unakuwa na jibini mbili zinazosema neno moja.

Kwa walio Nairobi au Dar es Salaam, supermaketi kubwa huwa na cheddar. Stilton ni ya kubahatisha na bei yake ni kali. Weka cheddar nzuri peke yake, kilo 1.4 nzima, kuliko kuichanganya na jibini laini ya kupaka.

Nyumbani, toa jibini kwenye plastiki, funga kwa karatasi ya nta au ya kuokea, kisha iweke katika droo ya mboga ya friji ambako baridi si kali sana.

Siku moja kabla: nyama na mayai

Nyama si lazima katika ploughman's. Kwa kundi, hata hivyo, huwa wapo wasioona mlo bila nyama, na meza nyingi za Kiingereza huweka paja la nguruwe lililotiwa chumvi na kuchemshwa, au pai ya nguruwe. Pai inayosifika ni ya Melton Mowbray huko Leicestershire. Nyama yake ni ya kijivu, si ya pinki, kwa sababu haikutiwa chumvi ya kuhifadhia kabla ya kupikwa.

Ukipika paja, nunua kilo 1.6 hadi 1.8 lisilo na mfupa. Liweke kwenye maji baridi pamoja na kitunguu, karoti na pilipili manga, liache litokote kwa dakika 20 kwa kila gramu 450, na dakika 20 za nyongeza. Katikati ya nyama pafike nyuzi 70 na pakae hapo dakika mbili.

Kwa meza isiyo na nguruwe, na kwa wasomaji wengi wa Kiswahili hiyo ndiyo meza yao, nyama ya ng'ombe iliyookwa na kuliwa baridi ni ya Kiingereza sawasawa na paja la nguruwe. Haihitaji kuombewa radhi. Chukua kilo 1.5 ya sehemu ya juu ya paja, iache nje ya friji kwa saa moja, ipake mafuta, chumvi na haradali ya unga. Oveni nyuzi 220 kwa dakika 20, kisha shusha hadi 180 na uache dakika 60 hadi 70 kwa nyama iliyoiva yote, pungufu kidogo kama wageni wako wanapenda katikati pawe pekundu. Ipoe kwa saa moja na nusu, isizidi mbili, kisha ndani ya friji. Kesho yake, ikiwa baridi na imejikaza, utaikata vipande vyembamba kama unavyotaka, kwa kukata kinyume cha nyuzi. Mwenzake mezani ni haradali, au mchuzi wa krimu na mzizi mkali uitwao horseradish, ambao huingia puani kabla haujafika kooni.

Mayai: maji yakichemka, yaweke kwa dakika tisa, kisha kwenye maji baridi. Kiini kitakuwa kimeshika ila bado kina unyevu. Yasimenywe mpaka kesho. Mwenye nafasi ayafanye egg chop, lile yai lililovikwa nyama ya kusaga ambalo wauza vitafunwa wa kwetu wanalifahamu vizuri. Ndugu yake wa Uingereza, Scotch egg, huvikwa nyama ya soseji ya nguruwe na chenga za mkate, na huliwa baridi katika mlo huu huu. Ya ng'ombe yenye pilipili manga na giligilani inafaa kabisa.

Asubuhi: mkate

Mkate wa kuchanwa kwa mkono, wenye ganda, ndio unaobeba jibini nzito. Mkate laini wa vipande wa dukani utachanika chini ya siagi. Ukinunua, nunua kwa mwokaji asubuhi hiyo hiyo, na usikubali ukatwe kwa mashine.

Ukioka mwenyewe, mikate mitatu inatoka kwenye unga kilo 1.5 (kilo 1 mweupe wa mkate, nusu kilo usiokobolewa), maji ya vuguvugu lita 1, chumvi gramu 28 na hamira kavu gramu 18. Kanda dakika 10 mpaka donge livutike bila kukatika, lifunike liumuke hadi ukubwa wake uwe mara mbili, gawanya, umba maduara, yaache yaumuke tena dakika 40. Chanja juu kwa kisu kikali. Oveni nyuzi 230 kwa dakika 15 huku bakuli la maji ya moto likiwa chini kutoa mvuke, kisha nyuzi 200 kwa dakika 20 hadi 25. Geuza mkate, gonga kitako: ukisikia mlio wa uwazi, umeiva. Kwa wageni wa saa 7 mchana, anza kukanda saa 1 asubuhi, maana mkate unahitaji saa mbili za kupoa. Ukikatwa ukiwa wa moto, ndani unakuwa gundi.

Siagi itoke kwenye friji wakati mkate unaingia ndani ya oveni. Siagi ngumu huchana mkate na kumkera mgeni. Kama si ya chumvi, nyunyizia chumvi ya chenga juu.

Saa moja na nusu kabla ya wageni

Toa jibini sasa. Jibini ya baridi haina harufu, na ladha yake nusu iko kwenye harufu. Ifunike kwa kitambaa safi chenye unyevu kidogo ili uso usikauke. Baada ya saa moja utaona cheddar imeanza kung'aa, jasho jembamba la mafuta juu yake. Hapo iko tayari. Siku ya joto kali nusu saa inatosha.

Osha letusi, figili na selari, vitie kwenye maji ya barafu dakika 10 vijikaze, kausha. Nyanya kata nne nne na uzinyunyizie chumvi. Zisiwe zimetoka kwenye friji. Menya mayai, gawanya mara mbili. Matufaha yakate mwisho kabisa, uyapitishie maji ya limao yasigeuke kahawia, au yaache mazima na visu kando. Aina ya Cox ina uchachu unaofaa sana jibini, ikiwa ni msimu wake.

Kupanga meza

Baa hupangia kila mtu sahani yake. Nyumbani, kwa watu 12, tumia mbao tatu, moja kwa kila watu wanne, ili asiwepo wa kunyoosha mkono juu ya mwenzake. Kila ubao upate jibini zote tatu zikiwa vipande vikubwa vyenye umbo la kabari. Usizikate mchemraba mchemraba: zinakauka upesi, na mgeni ananyimwa raha ya kujikatia anachotaka. Kila jibini na kisu chake. Kisu cha stilton kikigusa cheddar, cheddar yote inanuka stilton.

Vitunguu vichujwe siki, kwenye bakuli. Achari kwenye bakuli na kijiko, isimwagwe ubaoni, kwa sababu mchuzi wake huchafua kila kitu na kuloweka mkate. Nyama kwenye sinia peke yake, iliyofunikwa. Mkate mmoja uache mzima katikati ya meza na kisu cha meno kando yake, ili wageni waukate wenyewe. Kula kwake hakuna itifaki: mkate, siagi ya kutosha, kipande cha jibini, achari juu, kisha kitunguu kiumwe pembeni.

Kuhusu muda, kanuni za usafi wa chakula za Uingereza zinataka chakula cha baridi kiwekwe kwenye nyuzi 8 au chini, na zinaruhusu kukaa mezani juu ya hapo kwa mara moja isiyozidi saa nne. Zifuate hata nyumbani. Nyama na mayai mimi huviondoa mapema zaidi, watu wanapoacha kula na kubaki na mazungumzo.

Wageni na miiko yao

Uliza mapema. Mbali na nguruwe na pombe, kuna kimeng'enya cha kugandishia maziwa: jibini nyingine hutumia kilichotoka tumboni mwa ndama. Jibini nyingi za Uingereza siku hizi hutumia kisichotokana na mnyama, na lebo husema kama inawafaa wasiokula nyama. Hao ndio wepesi kuwahudumia, kwani mlo huu bila nyama haujapungukiwa kitu. Wajawazito waelekeze kwenye cheddar ya maziwa yaliyochemshwa kiwandani.

Kwa wenye mzio, sheria ya Uingereza ina orodha ya vyakula 14 vinavyopaswa kutajwa kwa mlaji, na meza hii inagusa vingi: maziwa, mayai, ngano. Vinavyosahaulika ni selari na haradali, vyote vimo kwenye orodha hiyo, na shayiri iliyomo ndani ya siki ya kimea. Andika vikaratasi vidogo mbele ya bakuli za achari.

Vinywaji

Wanaokunywa pombe hupewa bia ya Kiingereza isiyo baridi sana, au saida kavu ya matufaha kutoka Somerset au Herefordshire. Kwa wasiokunywa, juisi ya matufaha yenye ukungu, ile isiyochujwa, inakaa vizuri na jibini kuliko soda yoyote. Soda ya tangawizi ya Kiingereza (ginger beer) nayo ni nzuri, na ukitengeneza ya kwako nyumbani kwa tangawizi mbichi na limao itaipita. Hesabu nusu lita kwa mtu. Chai ya maziwa ije baada ya sahani kuondolewa.

Ukiupeleka nje

Mlo huu ulizaliwa shambani, kwa hiyo bustanini au ufukweni uko nyumbani. Beba jibini ikiwa vipande vizima ndani ya karatasi, nyama na mayai kwenye boksi lenye barafu, mkate kwenye mfuko wa kitambaa, achari ndani ya chupa yake. Usiandae sandwichi kabla. Beba ubao mmoja mzito, visu vilivyofungwa kwa taulo, na maji ya kunawa mikono.

Mabaki

Jibini iliyokaa mezani muda mfupi ifunge kwa karatasi mpya, irudi kwenye friji. Cheddar iliyokauka kingo ikwangulie juu ya mkate, ipitishe chini ya moto wa juu wa oveni pamoja na haradali kidogo. Stilton iliyobaki ivunjie kwenye supu ya selari; zile shina za nje ambazo hakuna aliyezigusa zinatosha sufuria nzima. Nyama imalizwe ndani ya siku mbili. Siki ya vitunguu usimwage: ichuje, uitumie kwenye kachumbari.